Kisa cha DIVX: diski yako, ufunguo wao

Tarehe 16 Juni 1999, Circuit City, kampuni iliyokuwa na maduka ya vifaa vya elektroniki kote Marekani, ilitangaza kwamba inaachana na DIVX, mfumo wake wa kuuza kwa bei ndogo diski za filamu za kutazamwa kwa saa 48 tu. Mfumo huo ulikuwa haujatimiza hata mwaka tangu usambazwe nchi nzima. Walionunua deki zake kabla ya siku hiyo waliahidiwa kurudishiwa dola 100, na wakaambiwa diski zao zitaendelea kucheza kwa muda. Muda wenyewe uliishia tarehe 7 Julai 2001. Huduma ilipozimwa, diski ambazo watu walikuwa wamezilipia, nzima kabisa, bila hata mkwaruzo, zikabaki za kuangaliwa kwa nje tu.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama kichekesho cha biashara: wakubwa walijiona wajanja, wateja wakawapa kisogo, kampuni ikala hasara ya dola milioni 114. Ni kweli, lakini kwangu hasara ya Circuit City ndiyo sehemu isiyo na maana kubwa. Kinachofaa kuchimbwa ni hali ya mnunuzi. Diski anayo mkononi, risiti anayo, ila idhini ya kuitazama iko kwenye kompyuta ya muuzaji. Huyu anamiliki nini?

Diski yenyewe ilivyofanya kazi

DIVX ilitangazwa Septemba 1997, miezi michache tu baada ya DVD kuanza kuuzwa Marekani. Nyuma yake walikuwepo Circuit City, chini ya mkurugenzi wake mkuu Richard Sharp, pamoja na kampuni ya mawakili wa Hollywood, Ziffren, Brittenham, Branca & Fischer. Majaribio yalianza tarehe 8 Juni 1998 katika miji ya San Francisco na Richmond, na mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo mauzo yakafunguliwa nchi nzima.

Mteja alinunua diski kwa takriban dola 4.50. Hakujiandikisha uanachama wa duka la kukodisha, wala hakuwa na tarehe ya kurudisha. Angeweza kuiweka kabatini miezi mitatu bila kuigusa, kwa sababu saa haikuanza kuhesabu siku ya kununua. Ilianza pale alipobonyeza kitufe cha kuchezesha kwa mara ya kwanza. Kuanzia hapo alikuwa na saa 48, atazame mara moja au mara kumi, hiari yake. Saa hizo zikiisha, aitupe, ampe mtu mwingine, au aitunze. Akiitumbukiza tena kwenye deki, ujumbe ulitokea kwenye skrini: je, unataka saa 48 nyingine kwa dola 3.25 hivi? Akikubali, filamu inaendelea na deni linaingia kwenye akaunti yake.

Hapo ndipo ilipoingia laini ya simu. Deki ya DIVX ilikuwa na modemu ndani, na ili akaunti ifunguliwe ilibidi iunganishwe na simu ya nyumbani. Haikupiga simu kila filamu ilipochezwa. Ilijiwekea kumbukumbu zake, kisha mara moja moja, kwa kawaida usiku watu wakiwa wamelala, ikapiga kituo kikuu, ikaripoti kilichotazamwa na kupokea maelekezo. Mtu aliyechomoa waya wa simu hakuona tofauti yoyote siku za mwanzo. Akikaa hivyo muda mrefu, deki iligoma.

Kufuli lenyewe lilikuwa zito. Karibu na tundu la katikati, kila diski ilichomwa msimbopau wake, kiasi kwamba nakala mbili za filamu ileile, zilizopangwa rafu moja, zilikuwa na namba tofauti. Picha ilifungwa kwa usimbaji wa Triple DES, juu ya ule wa CSS uliokuwa kwenye DVD za kawaida. Kwa hiyo deki ya DIVX ilicheza DVD yoyote, lakini deki ya DVD haikuweza kusoma diski ya DIVX hata kidogo.

Ukimpelekea jirani diski ambayo bado una saa zake, naye ana deki yake ya DIVX, akaunti yake ndiyo iliyotozwa. Saa zako hazikusafiri na diski. Zilibaki nyumbani, kwenye akaunti.

Silver, na Gold ambayo haikutoka

Kama mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na neno. Kulipa dola nne na nusu kwa saa 48 ni kukodi, hata kama plastiki inabaki kwako, na tangazo halikumficha mtu kitu. Tena watu waliochoka kutozwa faini kwa kuchelewesha kanda walikuwa na kila sababu ya kuipenda biashara hii. Anayesema DIVX ilikuwa utapeli tangu mwanzo hajasoma masharti yake.

Shida ilikuwa kwenye daraja la pili. Mteja aliyeipenda filamu aliweza kuongeza pesa na kuigeuza diski yake kuwa DIVX Silver, aitazame bila ukomo. Pesa aliyoongeza, ukijumlisha na ile ya awali, ilimfikisha kwenye bei ya mtu anayenunua filamu. Na hivyo ndivyo mwenyewe alivyoelewa: mwanzo nilikodi, sasa nimenunua.

Lakini ukichungulia kwa ndani, hakuna kilichobadilika kwenye diski. Namba ni ileile, usimbaji uleule. Kilichobadilika ni mstari mmoja kwenye rejista ya kampuni: diski namba fulani, chini ya akaunti fulani, isitozwe tena. Ukomo ulikuwa umeondolewa kwa deki zilizosajiliwa kwenye akaunti hiyo pekee. Daraja la tatu, Gold, ambalo diski yake ingecheza bila ukomo kwenye deki yoyote ya DIVX, lilitangazwa lakini haikutoka filamu hata moja. Yaani bidhaa pekee katika mfumo mzima ambayo ingekaribia kuwa mali ya mnunuzi ndiyo ambayo haikuwahi kuuzwa.

Sheria ilisemaje

Marekani ina kanuni ya zamani ya mauzo ya kwanza. Mchapishaji mmoja, Bobbs-Merrill, aliandika ndani ya kitabu chake kwamba hakiruhusiwi kuuzwa chini ya dola moja, na atakayekiuka atakuwa amevunja hakimiliki. Duka la Macy's likakiuza kwa senti 89. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwenye hakimiliki akishauza nakala, hana tena mamlaka ya kumpangia mnunuzi jinsi ya kuiuza nakala hiyo. Kanuni hiyo ikaingizwa kwenye sheria mwaka uliofuata, na leo iko katika kifungu cha 109 cha Sheria ya Hakimiliki. Ndiyo iliyowezesha maduka ya kukodisha kanda kuwepo bila kuomba ruhusa ya studio. Ndiyo iliyowezesha Netflix, mwezi Aprili 1998, kuanza kutuma DVD kwa posta.

Sasa angalia DIVX ilivyoipita kanuni hii bila kuivunja. Mwenye diski ya DIVX alikuwa huru kuiuza, kuiazima, kuigawa. Circuit City haikumkataza, na kwa kweli ilimhimiza, maana kila mkono mpya uliopokea diski ulikuwa akaunti mpya ya kutozwa. Kifungu cha 109 kiliheshimiwa kila herufi. Ila kifungu hicho kinalinda haki ya kuhamisha nakala, na hakisemi kwamba nakala lazima ionyeshe picha. Waliokitunga walikuwa na kitabu vichwani mwao, na kitabu hakisubiri idhini ya mtu ili kifunguke. DIVX ilitenganisha vitu viwili ambavyo kwa karne nzima vilikuwa kimoja: umbo na matumizi. Umbo ukauziwa. Matumizi wakabaki nayo.

Ndani ya miezi hiyohiyo ikaja sheria nyingine. Tarehe 28 Oktoba 1998, DIVX ikiwa na mwezi mmoja tu madukani nchi nzima, Rais Clinton alitia saini sheria ya hakimiliki ya zama za kidijitali, DMCA. Kifungu chake cha 1201 kinakataza kuvunja kufuli la kidijitali linalolinda kazi yenye hakimiliki, na pia kinakataza kuuza au kusambaza zana za kulivunja. Katazo la zana lilianza papo hapo. Katazo la kitendo chenyewe cha kuvunja lilipewa muhula wa miaka miwili, likaanza kazi Oktoba 2000.

Weka tarehe hizo sambamba. DIVX ilipotangazwa kufa, Juni 1999, katazo la kuvunja kufuli lilikuwa bado halijaanza. Ilipozimwa rasmi, Julai 2001, lilikuwa na miezi minane na siku kadhaa. Mwenye Silver aliyekuwa na ujuzi wa kuifungua diski yake mwenyewe, aliyoilipia, ambayo muuzaji hakuwa tena na mpango wa kuihudumia, tayari alikuwa upande mbaya wa sheria. Sheria ilililinda kufuli hata baada ya mwenye ufunguo kufunga ofisi na kuondoka. Hakuna kifungu kilichomlazimisha muuzaji kuacha ufunguo mlangoni.

Hata mtu akirudishiwa kila senti aliyotoa, bado swali liko palepale. Kurudishiwa pesa ni fidia. Mwenye mali hulipwa fidia akikubali kuiachia, na hapa hakuna aliyeulizwa.

Kwa nini wateja waliikataa

Sababu ya kwanza ni rahisi: kando yake kwenye rafu kulikuwa na DVD ya kawaida. Deki ya DIVX iligharimu kama dola 100 zaidi ya deki ya kawaida, na diski zake nyingi zilikuja na picha iliyokatwa pembeni ili ijae televisheni za wakati ule, bila nyongeza ambazo wapenzi wa filamu walikuwa wameanza kuzizoea. Hao ndio waliokuwa wanunuzi wa kwanza wa DVD, wenye rafu nyumbani na majina ya waongozaji mdomoni. Kuwauzia wakusanyaji kitu kisichokusanyika ni kujitafutia ugomvi, na ugomvi ulikuja, hasa kwenye intaneti, mkali kuliko Circuit City walivyotarajia.

Sababu ya pili ilikuwa maduka pinzani. Duka lipi lingekubali kuuza deki ambayo kila inapopiga simu usiku inamwingizia mshindani pesa? Studio zenyewe ziligawanyika. Disney, Paramount, Universal, DreamWorks, Fox na MGM ziliingia, huku Warner na Sony zikikataa. Paramount na Fox, kwa upande wao, hazikuanza kutoa DVD za kawaida mpaka 1998, jambo lililowaudhi wanunuzi walioona wanasukumwa kwenye diski ya kufuli. Katika tangazo la Juni 1999, Circuit City iliwalaumu studio na wauzaji wengine kwa kutoiunga mkono. Wateja hawakutajwa sana.

Ya tatu ilikuwa faragha. Akaunti ilijua filamu gani imetazamwa na lini. Marekani ilikuwa na jeraha hapo: mwaka 1987 gazeti moja lilichapisha orodha ya kanda alizokodi Jaji Robert Bork alipokuwa ameteuliwa Mahakama ya Juu, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kulinda kumbukumbu za wanaokodi video. Kusikia kwamba sasa kuna deki sebuleni inayopiga simu usiku kueleza ulichotazama hakukumtuliza mtu, hata kampuni iliposema taarifa hizo ni za malipo tu.

Jambo moja pembeni: jina hilo halikufa. Karibu na wakati wa kuporomoka kwa mfumo, wadukuzi waliounda njia ya kubana filamu ili zienee kwenye CD waliipa jina DivX, wakiweka na alama ya kukonyeza mwishoni, kwa kejeli. Vijana wengi waliolizoea jina hilo kwenye deki zao miaka ya 2000 hawakujua kwamba awali lilikuwa jina la kufuli.

Kufuli dhaifu lililomfaa mnunuzi

Watetezi wa DIVX walikuwa na hoja moja ya nguvu: DVD nayo ina kufuli, mbona hamlalamiki? Ni kweli. CSS ni kufuli, na lilikuwa dhaifu. Mwaka 1999 programu ya DeCSS ilisambaa na kulifungua. Kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, alishitakiwa kwa kuhusika nayo na akaachiwa huru mwaka 2003.

Tofauti haiko kwenye nguvu ya kufuli. Iko mahali ufunguo unapokaa. Ufunguo wa CSS umo ndani ya deki. Ukiwa na diski na deki, shughuli imekwisha, hakuna wa kuulizwa. DVD ya mwaka 1998 inacheza leo, ingawa kampuni iliyotengeneza deki huenda ilishabadili biashara na duka lililoiuza likageuzwa ukumbi wa mazoezi. Diski ya DIVX ya mwaka huohuo ni kasha lililouzwa huku ufunguo ukibaki mfukoni mwa muuzaji. Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaopinga kila aina ya kinga ya nakala kwa sauti moja. Kufuli la ndani linamsumbua anayetaka kunakili. Kufuli la mbali linaweza kumnyima hata asiyetaka kunakili chochote.

Tena kulikuwa na njia ya kuonyesha ukomo bila kumfunga mtu kwenye akaunti. Mwaka 2003 Disney ilijaribu diski za Flexplay, ambazo rangi yake iligeuka nyeusi kwa kemikali, kama saa 48 baada ya kufunguliwa kwenye hewa. Taka tupu, kwa maoni yangu, na soko liliona hivyohivyo. Lakini haikuomba laini ya simu wala jina lako, na hakuna aliyeondoka dukani akidhani amenunua cha kudumu.

Kizazi kilichofuata

Laini ya simu ikawa intaneti, mengine yakabaki. Mwaka huohuo wa 2003 ilitoka DVD ya filamu maarufu ya Hollywood yenye nakala ya picha kali ya kuchezwa kwenye kompyuta. Nakala hiyo ilidai leseni kutoka mtandaoni, na leseni zilitolewa kwa walioko Marekani na Kanada tu. Aliyeinunua akiwa kwingineko alikuwa na faili zote kwenye diski yake, na hakuona kitu.

Kisha zikaja karatasi ndani ya makasha ya Blu-ray, diski zilizofuata DVD, zenye misimbo ya kumpatia mnunuzi nakala ya filamu mtandaoni. UltraViolet, huduma ya kumtunzia mnunuzi nakala hizo kwenye akaunti, iliyoungwa mkono na studio nyingi kubwa, ilianza 2011 na kufungwa tarehe 31 Julai 2019. Wateja walitakiwa kuunganisha akaunti zao na za wauzaji wengine kabla ya siku hiyo. Waliobahatika kusoma barua pepe walihama na filamu zao.

Kesi iliyorudisha mjadala mahakamani ni ya Disney dhidi ya Redbox. Redbox, kampuni iliyokodisha diski kupitia mashine za kujihudumia, ilinunua makasha ya Disney madukani, ikakodisha diski, na ikauza karatasi za misimbo kivyake. Disney ilikuwa imeandika kwenye kasha kwamba misimbo haiuzwi wala haihamishwi. Februari 2018 jaji huko California alikataa kuizuia Redbox, akiona maandishi hayo hayakutosha kuwa mkataba na mnunuzi. Bobbs-Merrill wa 1908 angeitambua hoja hiyo mara moja. Disney ikaandika upya masharti yake, ikieleza kwamba msimbo ni leseni na si kitu kilichouzwa, na Agosti mwaka huohuo jaji yuleyule akatoa zuio. Kasha halikubadilika. Yalibadilika maneno yaliyoandikwa juu yake, na haki ya mnunuzi ikahama pamoja nayo.

California ilipitisha sheria mwaka 2024, iliyoanza kazi Januari 2025, inayomtaka anayeuza bidhaa za kidijitali amweleze mteja waziwazi kwamba anapata leseni, kama ndivyo ilivyo. Ni hatua, lakini ni ya kutoa taarifa tu. DIVX ilitoa taarifa zaidi ya hiyo, na haikumsaidia mwenye Silver.

Kilichokaribia zaidi tatizo lenyewe ni uamuzi wa mwaka 2015. Kila miaka mitatu Marekani hupitia upya orodha ya matumizi yanayosamehewa chini ya kifungu cha 1201, na mwaka huo ilikubali kwamba mwenye mchezo wa video anaweza kuvunja kufuli la uthibitisho iwapo mtengenezaji amezima seva zake. Msamaha huo uliandikwa kwa ajili ya michezo. Mantiki yake inaikaa diski ya filamu bila kupunguzwa wala kuongezwa: umelipa, unayo nakala halali, aliyekuwa akiidhinisha ameondoka. Mimi ningeenda mbele zaidi. Anayeuza diski inayotegemea seva aweke ufunguo kwa mtu wa tatu tangu siku ya kwanza ya mauzo, na siku seva itakapozimwa ufunguo utolewe kwa wote walionunua matumizi ya kudumu. Studio zikubali hilo wakati wa kusaini, si wakati wa mazishi, kwa sababu mwenye seva peke yake hana haki ya kufungua filamu ya mtu mwingine.

Ahadi ya kampuni kwamba itaendelea kuhudumia haitoshi, hata ikitolewa kwa nia njema. Circuit City iliomba ulinzi wa mufilisi Novemba 2008, na maduka yake ya mwisho yakafungwa Machi 2009. Kama DIVX ingeshamiri, seva zake zingekuwa sehemu ya mali ya mufilisi, na wenye Silver wangesubiri zamu nyuma ya wadai wenye dhamana.